Kiwanda kidogo cha bia, hektolita 10: hela iende kwenye sufuria, matanki, makopo au maabara?

Kimea_Baridi aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo ya wanaoijua bia kuanzia kimea hadi glasi.

Kiwanda kiko Moshi, ni hivi vidogo vya mtindo wa krafti. Mtambo wa kupikia ni wa hektolita 10, yaani lita 1,000 kwa mpiko. Matanki ya kuchachulia ni manne, yenye kitako cha koni, kila moja hektolita 10, yote yanapozwa na mashine moja ya glaikoli (kimiminika cha kupozea kinachozungushwa kwenye kuta za tanki). Bia ni tatu: pale ale, lager (inayochachuliwa taratibu kwenye baridi), na IPA, ale inayotiwa hopsi (maua ya kuipa bia uchungu na harufu) za pelleti, yaani zilizosagwa na kushindiliwa kuwa punje, gramu 8 kwa lita baada ya kuchachuka. Zote zinatoka kwa kegi (mapipa ya chuma), na sehemu kubwa inanywewa kwenye baa ya kiwandani palepale.

Bajeti inatosha jambo moja kubwa tu. Mwenye hela anataka sufuria la hektolita 20. Msimamizi anataka mashine ya makopo ya vichwa vinne. Mpishi anataka vifaa vya maabara. Kila mmoja ana hoja na kila mmoja anasema "Marekani ndivyo walivyofanya".

Kwa hiyo maswali ni mawili. Kipi kitangulie? Na hiyo Marekani inayotajwa, hivi viwanda vidogo vilibadilisha nini hasa kwenye mitambo na uendeshaji, na kwa nini vingine vimekufa?

---

Fundi_Tanki alijibu:

Mkuu, sufuria lisubiri. Mpiko mmoja unachukua saa 7 hadi 8. Ukipika mara mbili kwa siku, matanki yako yote manne yamejaa ndani ya siku mbili, halafu sufuria linakaa bure wiki mbili. Kinachobana ni matanki. Ukinunua sufuria kubwa utakuwa unawahi kufika kwenye foleni ileile.

Anza kuhesabu kwa siku-tanki, yaani tanki moja likikaliwa siku moja. Matanki 4 mara siku 365 ni siku-tanki 1,460 kwa mwaka. Hiyo ndiyo mali unayouza, bia ni namna ya kuifunga tu. Tuone kila bia yako inakula kiasi gani, siku ya kusafisha ikiwemo:

Pale ale: siku 16, unatoa lita 900. Ni lita 56 kwa siku-tanki.
IPA: siku 19, unatoa lita 830, kwa sababu kila kilo ya pelleti inaondoka na bia kati ya lita 5 na 10, na wewe unatia kilo 8. Ni lita 44.
Lager: siku 32, unatoa lita 950. Ni lita 30.

Ukijaza mwaka mzima kwa ale peke yake, ni mipiko 91, lita kama 82,000. Ukijaza kwa lager ni mipiko 45, chini ya lita 43,000. Mitambo ileile, wafanyakazi walewale. Sasa angalia orodha ya bei: nina hakika lager ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na ndiyo inayokula nafasi kuliko zote. Viwanda vingi vidogo vinavuja hapo na mhasibu haoni, kwa sababu anagawa gharama kwa lita wakati angetakiwa kugawa kwa siku-tanki.

Njia za kupata siku-tanki bila kununua chochote:

Lager ichachushwe kwa joto la juu kidogo chini ya presha. Nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, presha ya bar 1, badala ya nyuzi 10 bila presha. Presha inaizuia hamira kutoa harufu za matunda ambazo joto lingeleta. Siku 32 zinaweza kushuka hadi 20 hivi. Lakini soma kibao cha tanki kwanza. Matanki mengi ya bei nafuu yamethibitishwa kwa bar 1 tu, na ukiyaendesha kwenye kikomo valvu ya usalama inapiga kila saa. Unahitaji tanki la bar 2 na valvu iliyopimwa.

Ukinunua matanki, nunua mawili ya hektolita 20, usinunue ya 10. Unalijaza moja kwa mipiko miwili ya sufuria ulilonalo. Hamira ya ujazo wote iingie na mpiko wa kwanza, na mpiko wa pili ufuate ndani ya saa 24. Ukichelewa, hamira imeshamaliza kuzaliana, na oksijeni unayoingiza na mpiko wa pili inaharibu bia badala ya kuilisha hamira. Kabla ya kulipa, pima kama mashine ya glaikoli itamudu kushusha hektolita 20 hadi nyuzi 0 wakati matanki mengine yanachachua. Hapo ndipo wengi wananaswa: tanki jipya limefika, na bia ya tanki la jirani inapanda joto.

---

Dada_Hamira alijibu:

Naunga mkono hesabu ya Fundi, ila siku 16 za ale ni za hamira yenye afya. Hamira mbovu inafanya 16 ziwe 22, na hakuna tanki jipya litakalokuokoa. Na maabara anayoitaka mpishi si ghali ikilinganishwa na vile vingine. Darubini ya kukuza mara 400, kioo cha kuhesabia seli, rangi ya methilini bluu, kipima pH kizuri, haidromita mbili za kupimia sukari na kabati dogo la joto. Ni bei ya sehemu ndogo tu ya tanki moja.

Hesabu ya kila siku inakwenda hivi. Ale inataka seli kama 750,000 kwa kila mililita kwa kila nyuzi Plato, kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya kimea. Bia ya nyuzi Plato 12 inataka seli milioni 9 kwa mililita. Lita 1,000 ni mililita milioni moja, kwa hiyo jumla ni seli trilioni 9. Kama uji wa hamira uliouvuna una seli bilioni 1.2 kwa mililita, na rangi inaonyesha asilimia 92 ziko hai, unahitaji lita 8.2. Lager inataka mara mbili. Anayepima kwa ndoo bila kuhesabu anaweza kutia nusu au mara mbili ya kinachotakiwa, kwa sababu uzito wa uji unabadilika kila mvuno.

Mavuno: fungua valvu ya chini ya koni taratibu, mwaga ya kwanza yenye rangi ya matope, chukua ya kati iliyo nyeupe kama krimu, acha ya mwisho. Hifadhi kwa nyuzi 2 hadi 4, itumie ndani ya siku tatu ikiwezekana, na chombo kiwe na pa kupumulia. Kwa IPA, vuna KABLA ya kutia hopsi. Ikishachanganyika na pelleti haifai tena. Asilimia ya walio hai ikishuka chini ya 90, usiipeleke kwenye lager. Ikishuka zaidi ya hapo, itupe na uanze pakiti mpya. Hamira kavu gramu 500 hadi 800 kwa hektolita 10 inatosha kwa ale nyingi.

Vipimo viwili vya bure ambavyo viwanda vingi vinaruka:

Cha kwanza, siku ya kupika chukua nusu lita ya maji ya kimea, tia hamira nyingi kupita kiasi, weka penye joto la nyuzi 25 hadi 28 na ukitikise mara kwa mara kwa siku mbili. Kipimo cha sukari kitakachobaki ndicho mwisho halisi wa mpiko huo. Tanki likigoma juu ya namba hiyo, unajua tatizo ni hamira na si kimea.

Cha pili, diasetili, kemikali inayoipa bia harufu ya siagi. Chukua sampuli mbili kutoka kwenye tanki. Moja iache, nyingine ifunike na uiweke kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika 20 hadi 30, kisha ipoze. Nusa zote. Ikiwa ile iliyopashwa inanuka bisi za siagi na nyingine hainuki, bado kuna kianzilishi cha diasetili ndani. Usiipoze bia, iache na hamira yake siku mbili zaidi. Ukiipoza leo, siagi itatokea kwa mteja.

---

Kopo_Tupu alijibu:

Kuhusu makopo, nasema wazi: kiwanda ambacho hakina vipimo alivyotaja Dada hakijafika kwenye makopo. Kegi inayorudi baa yako mwenyewe kwenye chumba cha baridi inasamehe mengi. Kopo linalokwenda Dar kwa lori halisamehe.

Tatizo la kwanza ni hizo gramu 8 za hopsi. Hopsi zina vimeng'enya vyake. Vikiingia kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, vinakata wanga mrefu ambao hamira haikuweza kuula na kuufanya sukari inayolika. Hamira iliyobaki inaamka. Bia uliyoamini imekwisha inashuka tena sehemu ya nyuzi Plato, inaongeza kilevi, gesi na diasetili mpya. Kwenye tanki ni usumbufu. Kwenye kopo ni hatari, na hesabu yake iko wazi.

Gramu 1 ya sukari inayochachuka inatoa karibu nusu gramu ya gesi. Kopo limefungwa na gramu 5 za CO2 kwa lita. Gramu 4 za sukari mpya kwa lita zinaongeza gramu 2, unafika 7. Kwenye friji huoni kitu. Kwenye stoo ya nyuzi 30, presha ndani ni takriban bar 4.3. Kwenye kontena la nyuzi 40 ni karibu bar 5.7. Makopo ya kawaida yanahimili bar 6.2. Sasa ongeza matuta ya barabarani.

Kinga: tia hopsi tanki likiwa bado lina nyuzi 14 hadi 18 na hamira iko hai, subiri siku tatu mpaka nne, kisha PIMA tena sukari siku mbili mfululizo na rudia kipimo cha diasetili. Namba ikitulia ndiyo upoze. Njia ya pili ni kutoa hamira yote kwanza, kushusha hadi nyuzi 4 hivi na kutia hopsi kwenye baridi. Vimeng'enya vinakwenda polepole sana, ila havifi, kwa hiyo mnyororo wa baridi lazima ushike hadi kwa mnywaji. Wengi siku hizi wanatia pia kimeng'enya cha ALDC, kinachogeuza kile kianzilishi moja kwa moja bila kupitia diasetili. Fuata kipimo cha mtengenezaji.

Na tafadhali, usimwage pelleti kilo 8 kwa mkupuo kwenye bia yenye gesi. Kila punje ni mahali pa gesi kutokea. Povu litarushwa hadi dari na mtu aliye kwenye ngazi ndiye atakayeumia. Shusha presha taratibu, tia kilo moja kwanza, subiri, endelea.

Tatizo la pili ni oksijeni. Kopo la mililita 330 likifungwa na mililita MOJA tu ya hewa juu, oksijeni iliyomo ni kama miligramu 0.28, sawa na ppb (sehemu kwa bilioni) 850 kwenye bia. IPA inataka chini ya 100, na wanaojiheshimu wanalenga 50. Maana yake unaruhusiwa sehemu ya kumi ya mililita. Haiwezekani kubahatisha hapo. Bia iwe nyuzi 0 hadi 1 kabla ya kujaza, povu lifike juu ya mdomo wa kopo wakati kifuniko kinatua, na mshono wa kopo upasuliwe na kupimwa mwanzo wa zamu na kila baada ya muda mfupi. Mashine ndogo ya vichwa vinne inayojaza kopo likiwa wazi inaweza kufika huko, lakini kwa fundi anayejua kurekebisha povu, si kwa kubonyeza kitufe.

Tanki la kupokelea bia nalo. Ukipuliza CO2 juu juu ili kufukuza hewa, gesi na hewa vinachanganyika. Kushusha oksijeni kutoka asilimia 21 hadi 0.1 kunataka ujazo wa tanki mara tano na zaidi, kama kilo 10 za gesi kwa hektolita 10. Lijaze maji safi yenye dawa mpaka juu, kisha yasukume nje kwa CO2: kilo 2 hadi 2.5 zinatosha na kazi ni safi zaidi.

---

Mpishi_wa_Ngong alijibu:

Hoja ndogo kutoka upande wa Nairobi, maana watu wanachukua mapishi ya ng'ambo bila kubadilisha kitu. Huku maji yanachemka karibu nyuzi 94. Uchungu wa hopsi unategemea joto: kila nyuzi 10 ukishuka, kasi inapungua kwa nusu hivi. Kwa hiyo hopsi za dakika 60 hapa zinakupa kama theluthi mbili ya uchungu wa pwani. Moshi, kwenye nyuzi 97, pengo ni dogo lakini lipo. Ongeza hopsi za mwanzo, au chemsha kwa muda mrefu zaidi.

Vilevile geji ya gesi. Jedwali nyingi za CO2 zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi ongeza karibu bar 0.2 juu ya namba ya jedwali, la sivyo kila keg inatoka bila nguvu na unaanza kulaumu regyuleta.

Na usiache gesi yako ipae bure. Hektolita 10 za nyuzi Plato 12 zinatoa karibu kilo 38 za CO2 zikichachuka. Huhitaji mtambo wa kuikamata. Siku ya kwanza acha itoke na hewa yake, kisha unganisha mpira wa kutolea gesi kwenye tanki tupu lililosafishwa, ipite humo ikitoka kwa juu. Siku za mwisho, ikibaki nyuzi Plato 1 hivi, funga tanki kwa valvu ya presha: hiyo sukari inakupa karibu gramu 3.8 za CO2 kwa lita ndani ya bia, kama tanki linahimili.

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Swali la Marekani halijaguswa, nami nitalijibu kwa ufupi maana lina hadithi nyingi za kupamba.

Si kweli kwamba viwanda vidogo viligundua matanki ya koni au uchachuaji wa presha. Hivyo ni vya viwanda vikubwa, vya zamani. Walichofanya wadogo ni kulazimisha vitu viwili. Kwanza, hopsi nyingi kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, jambo lililozaa vifaa vipya: Sierra Nevada ya Chico, California, walitengeneza chombo cha chuma cha pua kinachojazwa hopsi huku bia ikizungushwa ndani yake, na bia yake ya Torpedo ilitoka mwaka 2009. Kisha Yakima Chief wakaleta mwaka 2017 unga wa hopsi uliotenganishwa kwa baridi kali, unaotiwa karibu nusu ya kipimo. Rudi kwenye hesabu ya Fundi uone nusu ya pelleti inarudisha lita ngapi. Pili, kopo. Oskar Blues wa Colorado walianza kuweka Dale's Pale Ale kwenye makopo mwaka 2002, wakati kopo lilionekana ni la bia rahisi; baada ya hapo mashine ndogo za makopo zikawa biashara kamili.

Kwenye uendeshaji, New Belgium ya Fort Collins walifungua vitabu vya hesabu kwa wafanyakazi wote, na mwaka 2012 kampuni ikawa yao asilimia 100. Mwaka 2019 wakakubali kuuza kwa Lion, kampuni tanzu ya Kirin ya Japani. Wakubwa nao walijifunza kwa kununua: AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, walichukua Goose Island ya Chicago mwaka 2011, wakanunua na wengine, halafu mwaka 2023 wakauza chapa nane kwa Tilray. Constellation, kampuni nyingine kubwa ya vinywaji, walilipa dola bilioni 1 kwa Ballast Point mwaka 2015 na baada ya miaka michache wakaachana nayo. Anchor ya San Francisco, ambayo Fritz Maytag aliiokoa mwaka 1965, ilinunuliwa na Sapporo ya Japani mwaka 2017 na kufungwa 2023. Mwaka 2024 vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa. Kwa maoni yangu wengi walinunua sufuria kubwa wakingoja maduka makubwa, kumbe faida ilikuwa kwenye glasi ya baa ya kiwandani, isiyolipa usafiri, msambazaji wala kopo.

Na kopo lina mtego wa karatasi. Mwisho wa 2021 Ball, watengenezaji wakubwa wa makopo, walitangaza kwamba wateja wasio na mkataba waagize angalau malori matano kwa kila muundo uliochapwa, zaidi ya makopo milioni moja. Wadogo wakakimbilia makopo meupe yenye lebo ya kubandika. Wewe uliza kiwango cha chini cha oda kabla ya kuuliza bei ya mashine, na ujue kila kopo litahitaji stempu ya kodi ya kielektroniki na nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Nani atabandika, kwa kasi gani?

---

Kimea_Baridi aliandika:

Asanteni wakuu, nimepata darasa. Mawili ya mwisho. Mtama unaweza kupunguza gharama ya kimea? Na tukienda na matanki mawili ya hektolita 20, kuna hatari gani kwenye usafishaji ambayo kwa matanki madogo haionekani?

---

Fundi_Tanki alijibu:

Mtama unafanya kazi. Senator ya EABL ya Kenya, na Eagle ya Uganda tangu 2002, zimesimama juu yake. Ila wanga wake haulainiki kwenye nyuzi 66 unazotumia kwa shayiri. Uusage, uupike pembeni kwa nyuzi 85 hadi 95 na kimeng'enya kinachohimili joto, uupoze, ndipo uchanganye. Hauna maganda ya kuchujia, kwa hiyo ukipita asilimia 20 tia maganda ya mpunga, la sivyo machicha yataganda na kuziba chujio. Kwa kiwanda chenye sufuria moja, huo upishi wa pembeni unakula saa tatu. Kwenye lager sawa, kwenye IPA usijisumbue.

Usafishaji: tanki lililotoka kuchachua limejaa CO2. Ukirusha kostiki (dawa kali ya kusafishia) ndani likiwa limefungwa, kostiki inaila gesi yote kwa dakika chache, ombwe linaingia na tanki linakunjamana kama kopo la soda. Ukisuuza kwa maji baridi baada ya kostiki ya moto, vivyo hivyo. Kwa tanki kubwa, eneo la ukuta ni kubwa na nguvu inayosukuma kutoka nje ni kubwa zaidi. Kwa hiyo: toa presha, fungua mlango wa juu au valvu kubwa, puliza hewa mpaka kipima gesi kisome kawaida, ndipo kostiki, asilimia 2 kwa nyuzi 60 hadi 70, dakika 30. Valvu ya kuzuia ombwe iwepo na iwe imesafishwa, maana mara nyingi huwa imegandwa na povu kavu. Usiingize kichwa kwenye tanki kunusa. Na tindikali baada ya kostiki isuuzwe hadi pH ya maji yanayotoka ilingane na ya bomba, kabla dawa ya perasetiki, ya kuua vijidudu, haijaingia.